Simu Iliyoshiba

“Mwanangu, hii simu imeshiba.”

Mama mmoja wa dagaa, kutoka Mwaloni pale Kirumba, aliniwekea simu juu ya kaunta kama mtu anayemrudishia fundi sufuria inayovuja. Kioo kilikuwa na ufa uliotoka kona ya juu hadi katikati, na vidole vyangu vilinuka dagaa mpaka jioni. Alitaka kupiga picha cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Kila akigusa kamera, simu inamwambia nafasi imejaa.

Nina steshenari Nyegezi, hapa Mwanza, si mbali na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, nalamineti vyeti, ila kinachonilisha hasa ni kuwajazia watu fomu mtandaoni: mkopo wa chuo, TIN, uhakiki wa cheti RITA, maombi ya kazi serikalini, pasipoti. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, napata hata wa Sengerema, ng’ambo ya ziwa, wanaofika kabla sijamaliza kufagia. Kwa hiyo nimeshika simu za watu wengi, pengine kuliko fundi simu, na nimeona kwamba simu ya mtu ni chumba chake cha kulala. Ukikaribishwa unaingia kwa adabu, na ulichokiona hutoki nacho. Leo nasimulia kidogo kwa ruhusa ya mama mwenyewe, ambaye alicheka sana kusikia simu yake itaandikwa.

Ilikuwa simu ya GB 16. Ukisikia 16 usifurahi, maana karibu nusu inachukuliwa na mfumo wenyewe kabla hujaweka hata picha moja. Iliyobaki nyingi ilikuwa WhatsApp: video za sala, maua ya “asubuhi njema”, harusi ya mtu ambaye mama hakumkumbuka. Nikaingia kwenye orodha ya aplikesheni. Zilikuwa 23. Mbili za mikopo. Moja ya kubeti, kazi ya mjukuu huyohuyo mwenye cheti. Moja ya duka la nguo. Moja ya benki aliyoacha kuitumia. Moja ya kusafisha simu, ambayo ndiyo ilikuwa chafu kuliko zote, inarusha matangazo kila baada ya dakika chache. Na moja ya tochi. Tochi, jamani! Simu ina tochi yake.

“Mama, hii ya habari unaifungua?”

“Ipi hiyo?”

“Hii yenye rangi nyekundu.”

“Hiyo ilikuja yenyewe.”

Kati ya zote alizijua nne: WhatsApp, ya kutuma pesa, Biblia na redio. Nilifuta nyingine mbele yake, moja moja, nikimuuliza kila mara. Ya redio nayo nikaifuta, kisha nikafungua tovuti ya redio ileile kwenye Chrome, nikagusa vidoti vitatu pale juu, nikachagua kuongeza kwenye skrini ya kwanza. Kikatokea kialama kilekile mahali palepale. Akakigusa, mtangazaji akaanza kuongea.

“Sasa hii si ileile?”

“Ileile, mama. Ila ile ilikuwa imehamia kwako na magodoro. Hii inakuja ukiiita, ukimaliza inakwenda zake.”

Akafikiri kidogo. “Kumbe ingekuwa hivyo na kwa mashemeji.”

Mwenyewe sikuanza na falsafa yoyote. Nilianza na ufukara. Simu yangu ya kwanza ya intaneti ilikuwa Nokia ya vibonye, nikiwa chuo pale Malimbe, na kivinjari chetu sote kilikuwa Opera Mini. Waliokuwepo wanakumbuka ile O nyekundu. Ufundi wake ulikuwa hivi: ukiandika anwani, ombi lako lilikwenda kwanza kwenye seva za Opera yenyewe, kampuni ya Norway, zikaufungua ukurasa kwa niaba yako, zikaukandamiza, ndipo ukaletewa uliobanwa. Kampuni ilijigamba kwamba ukurasa unaweza kupungua kwa hadi asilimia 90. Picha zilikuja na ukungu, lakini zilikuja. Vocha ya shilingi 500 ilikuwa inafika Jumapili. Hatukuwa na aplikesheni yoyote ya kutajwa, na hatukujua kwamba tumekosa kitu.

Halafu zikaja simu za kupangusa. Yangu ilikuwa ya GB 8, na nikafanya walivyofanya wote: kila huduma nikaipakulia aplikesheni yake. Baada ya miezi mitatu simu ilikuwa inachukua muda kuwaka kama pikipiki ya dizeli, kama ipo. Nikaanza kufuta. Nikifuta ya gazeti, nafungua gazeti kwenye kivinjari. Nikifuta ya hali ya hewa, nafungua tovuti ya TMA. Siku moja nikagundua nimebaki na sita, na hakuna ninachokikosa.

Kinachonichekesha ni kwamba huko kwenyewe walianzia hapo nilipoishia. Juni 2007, iPhone ya kwanza ikiwa bado haijaingia madukani, Steve Jobs aliwaambia watengeneza programu kwamba hawahitaji zana zozote maalumu. Watengeneze tovuti nzuri, zifunguke kwenye Safari, zitaonekana na kufanya kazi kama programu za simu. Watengenezaji walinuna. Kabla mwaka haujaisha Apple ikageuza maneno, na Julai 2008 duka lake la aplikesheni likafunguliwa likiwa na programu 500. Google nayo ikafungua la kwake Oktoba mwaka huohuo. Kuanzia hapo kila kampuni duniani, hata ya kuuza magodoro, ikaona haijakamilika bila kuwa na aplikesheni.

Mwaka 2015 watu wawili, Frances Berriman na Alex Russell, walilitungia jina, “progressive web app”, jambo ambalo lilikuwa limeanza kuchipua: tovuti inayokua polepole hadi kuwa kama aplikesheni. Siri yake ni kipande kidogo cha programu ambacho tovuti inakiacha ndani ya kivinjari chako. Kinakaa katikati, kati yako na mtandao. Mtandao ukiwepo, kinapitisha. Ukikatika, kinakupa kilichohifadhiwa mara ya mwisho badala ya kukuonyesha ukurasa mtupu. Ndiyo maana tovuti nyingine ukiziongeza kwenye skrini ya kwanza zinafunguka bila ule mstari wa anwani juu, na hata bila bando zinaonyesha kitu. Mteja hajui tofauti, na hana haja ya kujua.

Ila tusisahau mwenye mlango ni nani. Februari 2024 Apple ilitangaza kwamba watumiaji wa Umoja wa Ulaya wataondolewa uwezo huo wa tovuti kukaa kwenye skrini ya kwanza kama programu. Watu wakapiga kelele. Machi mosi ikarudi nyuma. Kwetu wenye Android ilikuwa habari ya mbali, lakini niliisoma mara mbili.

Sasa kuhusu MB, maana najua ndicho kinachowaleta wengi. Hapa nataka kuwa mkweli kuliko wanaotetea tovuti kama timu ya mpira. Aplikesheni ya kawaida inaanza na makumi ya MB kuipakua, nyingine inavuka 100, na kila baada ya wiki kadhaa inataka kusasishwa. Usipokuwa makini inajisasisha usiku ukiwa umelala, asubuhi unakuta kifurushi ulichokinunua jana kimekwisha na hujaona hata video moja. Ukurasa wa tovuti siku hizi ni kama MB mbili hivi, ukiwa na picha zaidi. Kwa hiyo kitu unachokitumia mara moja kwa wiki, tovuti inashinda bila ubishi. Lakini kitu unachokifungua mara thelathini kwa siku, aplikesheni iliyotengenezwa vizuri inaweza kuwa nafuu, kwa sababu vyombo vyake vya ndani inavyo tayari, inaleta maneno mapya tu. Tovuti nayo ina akiba yake, lakini simu ikibanwa na nafasi akiba hiyo inaweza kutupwa. Mimi hesabu yangu ni moja: nakihitaji kila siku? Kama sivyo, kibaki mtandaoni kilipo.

Tovuti ninayoipenda kuliko zote haikutengenezwa California. Ni kurasa za matokeo za NECTA, baraza letu la mitihani. Mwishoni mwa Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kaunta yangu inajaa mpaka nje. Unafungua orodha ya shule, unatafuta kwa herufi, unagusa jina la shule, linashuka jedwali: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, divisheni, kisha masomo kwa vifupisho, CIV, HIST, GEO, KISW, kila moja na herufi yake pembeni. Basi. Hakuna picha, hakuna kinachoruka, hakuna anayekuuliza kama unakubali vidakuzi. Shule nzima ina uzito mdogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Inafunguka kwenye simu ya miaka kumi iliyopita, inafunguka kwenye mtandao wa baa moja, na siku hiyo nchi nzima inagonga mlango mmoja.

Mwaka mmoja alikuja baba wa bodaboda na binti yake. Binti hakutaka kuangalia, amesimama mlangoni anatazama barabara. Nikafungua kwenye simu ya baba mwenyewe, nikampa. Akapitisha kidole chini ya namba, taratibu, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya daftari la wapiga kura. Akasimama. Akarudi juu kuhakikisha safu ndiyo yenyewe. Divisheni ya pili.

“Nichapie hiyo, kaka. Kwa rangi.”

Nikamwambia haina rangi yoyote, ni nyeusi na nyeupe.

“Basi nichapie mbili.”

Hakuna aplikesheni ambayo ningemwambia apakue wakati ule. Mkononi alikuwa na chenji ya abiria na moyo unaomdunda.

Kuna jambo zito zaidi ya MB, nalo ni nani anaruhusiwa kushika nini ndani ya simu yako. Kijana mmoja hapa mtaani alikopa elfu thelathini kwa aplikesheni. Alipochelewa siku nne, ujumbe ukaanza kwenda kwa watu wote waliomo kwenye simu yake: mchungaji, mwalimu wake wa zamani, mama mkwe, fundi viatu. Kwamba fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Alikuja kwangu akiuliza kama naweza “kuzirudisha”. Ujumbe ukishatoka hautarudi. Nilichoweza ni kumwonyesha ukurasa wa ruhusa, na pale kwenye majina na namba palikuwa pameandikwa “imeruhusiwa”. Aliruhusu mwenyewe. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu inakuuliza kabla ya kutoa vitu kama hivyo, lakini nani anasoma? Tunagusa “ruhusu” kama tunavyofukuza inzi.

Tovuti haiwezi kufanya hivyo. Haina njia ya kusoma kitabu chako chote cha majina, wala ujumbe wako wa kawaida. Ikitaka kujua ulipo hasa, lazima ikuulize, na ukikataa ukurasa unaendelea. Zaidi sana inaweza kukuomba uchague jina mojamoja kwa mkono wako. Mwaka 2023 Google iliyapiga marufuku mambo hayo kwa aplikesheni za mikopo binafsi zilizo dukani kwake, zisiguse majina wala picha za mtu, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Hatua nzuri. Lakini kuna zinazosambazwa kama faili tu, mtu anamtumia mwenzake WhatsApp, dukani hazijapita kabisa. Hizo kwangu ni mwiko, hata kama anayenitumia ni kaka yangu.

Wala msinielewe kwamba tovuti ni malaika. Wizi wake ni wa aina nyingine: mwizi anajifanya mtu mwingine. Kila nafasi za kazi zikitangazwa nawaona vijana wameletewa linki za uongo, zimepambwa nembo ya taifa, mwisho wa fomu wanaombwa “ada ya usaili”. Ninachowafundisha ni kusoma anwani kinyumenyume. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, halafu soma kutoka hapo kurudi kushoto. Ya serikali inaishia na .go.tz, nukta na yote. Ukiona ajira-go-tz yenye vistari, kisha nukta na neno jingine, huyo si serikali, huyo ni mtu yuko chumbani kwake. Na ukifungua linki ukiwa ndani ya Facebook au Instagram, toka kwanza, ifungue kwenye kivinjari chenyewe. Ndani kule ni kivinjari cha mwenye aplikesheni. Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba baadhi ya vivinjari hivyo vya ndani hupenyeza programu zao kwenye kurasa unazozifungua. Sisemi wanaiba. Nasema kwa nini ujaze TIN yako mbele ya mgeni? Tena kuna hasara ya kawaida kabisa: wanafunzi wanaanza fomu ya mkopo humo ndani, kesho wanafungua Chrome, wanakuta hawajaingia, wanakuja kwangu na machozi kwamba fomu imefutwa. Haijafutwa. Wamesahau mlango walioingilia.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni tovuti zinazojidhoofisha makusudi. Unafungua kusoma bei ya kitu, linashuka bango linaziba nusu ya kioo: “Utafurahia zaidi kwenye aplikesheni yetu.” Kialama cha kulifunga ni kidogo kama jicho la dagaa, na ukikosea nusu milimita umepelekwa dukani kupakua. Mwaka 2016 Facebook ilianza kuwaondolea ujumbe waliokuwa wakitumia tovuti yake ya simu na kuwaelekeza kwenye Messenger. Uwezo ulikuwepo, ukaondolewa. Kwa nini, nadhani kila mwenye duka anajua: mteja aliyehamia ndani ya duka lako ni rahisi kumwita kila saa kuliko anayepita barabarani.

Na nikiwa kwenye malalamiko, niyaseme na ya upande wangu. Tovuti imenitia aibu mbele ya wateja. Kuna benki, sitaitaja, ambayo kwenye tovuti utaona salio na basi. Ukitaka kutuma pesa ni aplikesheni. Nikaiweka. WhatsApp nayo haina ujanja: ile ya kwenye tovuti imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta, na bado inataka akaunti iliyokwisha kuwepo kwenye simu. Arifa ni shida nyingine. Kwenye iPhone tovuti haikuweza kukutumia arifa kabisa mpaka Machi 2023, na hata sasa lazima uwe umeiweka kwenye skrini ya kwanza. Kupakia picha ya pasipoti kupitia tovuti nyingine ni mateso, inakwambia faili ni kubwa mno lakini haikusaidii kulipunguza. Na kutuma pesa sihitaji tovuti wala aplikesheni. *150*00# inafanya kazi kwenye kitochi, haitaki bando, haitaki nafasi, haijawahi kuniomba niisasishe. Nikifikiria vizuri, huyo ndiye bibi wa mambo yote haya.

Lakini siku iliyonifundisha adabu ilikuwa kwenye meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe.

Shangazi yangu anaishi Ukerewe. Mumewe ni mvuvi wa dagaa, kwa hiyo maisha ya nyumba ile yanafuata mwezi. Giza likiwa totoro mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanakuja kwenye mwanga. Mbalamwezi ikianza kuwa kubwa wanapumzika, wanashona nyavu. Nilikuwa nakwenda kwao wakati wa mbalamwezi, na njiani nikasema nitumie muda vizuri. Nilikuwa na fomu ya mteja, binti wa shangazi mwenyewe, ya kuomba nafasi kwenye taasisi fulani. Dirisha linafungwa saa sita usiku. Safari ni kama masaa matatu. Mtandao bandarini ulikuwa safi, nikaanza.

Nilijaza majina, shule, miaka, wadhamini wawili na anwani zao. Nikaandika ile barua ya maelezo, maneno kama mia nne, nikayachagua vizuri kwa sababu huyu ni ndugu. Meli ilikuwa imeshaacha miamba nyuma, pembeni yangu mama mmoja ana matenga ya nyanya na kuku wawili waliofungwa miguu, upepo wa kusi unarusha matone mpaka kwenye kioo. Nikabonyeza “Endelea”. Kiduara kikazunguka. Nikatazama juu: baa za mtandao hakuna, kuna alama ya kukataliwa. Nikasubiri. Kiduara kikakoma, ukurasa ukawa mweupe. Nikarudi nyuma, kosa kubwa kabisa. Fomu ikafunguka upya, tupu, imetakata kama sahani ya sikukuu.

Dakika arobaini. Kuku mmoja akalia, nikaona kama ananicheka.

Aplikesheni nzuri ingehifadhi. Na tovuti nzuri pia ingehifadhi, kile kipande cha programu nilichokieleza juu kipo kwa ajili ya siku kama hiyo. Aliyeitengeneza ile hakujisumbua. Alikuwa amekaa ofisini kwenye mtandao wa waya, hakuwahi kufikiria kwamba fomu yake itavuka ziwa. Tangu siku hiyo nina kanuni, na imebandikwa ukutani steshenari kwa wino mwekundu: maneno marefu yaandikwe kwanza kwenye daftari la simu, kisha yanakiliwe. Kurasa ninazozihitaji njiani nazipakua kabla, Chrome ina kimshale cha kushusha kwenye vidoti vitatu vilevile, wengi hawajawahi kukigusa.

Shangazi hakunilaumu. Alinipa michembe na chai, akaniuliza swali ambalo lilikuwa halihusiani kabisa: upepo wa kesho. Nikamfungulia utabiri wa ziwa wa TMA, nikamsomea. Akasema, “Nitumie hiyo.” Nikauliza atumiwe nini, simu yake haina nafasi ya kitu. “Hicho ulichofungulia. Anwani.” Nikaituma kwa ujumbe wa kawaida, mstari mmoja. Akaugusa, ukafunguka. Kisha akautuma kwa dada yake aliyeko kisiwa cha Ukara, na dada yake akautuma kwa mwenye mtumbwi, wote nikiwa nimekaa palepale nakunywa chai. Watatu, simu tatu tofauti, moja ya kampuni ambayo hata jina lake sijawahi kulisikia. Hakuna aliyepakua chochote.

Usiku ule tulirudia fomu, mimi na binti, mezani, kwa mwanga wa taa ya sola ambayo mume wa shangazi huitumia ziwani. Safari hii aliandika mwenyewe kwenye daftari la simu, na nadhani aliandika vizuri kuliko mimi. Aliondoa maneno yote makubwa niliyokuwa nimeyaweka. Mtandao wa Nansio ulikuwa unakuja na kuondoka. Saa tano na dakika ishirini zikapanda baa mbili. Akanakili, akabandika, akanitazama.

“Nibonyeze?”

“Bonyeza, usirudi nyuma tu.”

Kiduara kikaanza kuzunguka. Shangazi, aliyekuwa amelala chumba cha pili, akauliza kwa sauti kama imekwenda. Tukamwambia bado, inazunguka.

“Na mimi nazunguka humu toka saa tatu,” akasema. “Ikifika mniamshe.”